Picha ya Kumi na Moja, Mara ya Sita

Wewe unayesoma ni mtu wa kuinama. Mwenzako akidhulumiwa mbele ya macho yako, papo hapo kamba ya kiatu inafunguka, simu inatetemeka bila kupigwa, dari linapata jambo la kutazamwa. Nakujua. Nimekaa nawe katika vyumba vingi. Najua pia umefungua sura hii kwa kuwa umeambiwa ina mapenzi. Yamo, sitakunyima. Ila leo utayatazama yote, hata pale yanapochacha.

Mimi sisahau. Nakumbuka siku, saa, na nani aliketi wapi. Ilikuwa saa nane mchana katika chumba cha maonyesho cha chuo chetu, mapazia meusi yamevutwa, projekta inapumua kama mtu mwenye pumu. Mbele waliketi watahini wawili. Mmoja alikuwa mwalimu wetu wa kamera, mama mwembamba tuliyempachika jina la Rula kwa sababu hakukadiria kitu, alipima. Wa pili alikuwa mwanamume wa makamo kutoka studio kubwa ya filamu, mgeni aliyekuja na daftari na hakutaka chai. Nyuma yao sisi watatu. Muuaji, kijana aliyeigiza muuaji wetu, mpole ajabu, anayepanda juu ya kiti akiona mjusi. Mimi, Nguzo, jina nililopewa na darasa kwa kuwa nikishika kamera mkononi haitikisiki, stendi ya nini. Na katikati yetu, goti lake likigusa langu, mwongozaji wetu.

Darasa zima lilimwita Mwongozaji. Mimi nilimwita Bwana Mwongozaji, na kila nilipomwita hivyo aliangalia chini, akatabasamu, akajikuna nyuma ya shingo. Miezi minane niliishi kwa kungoja mkono ule uende shingoni. Haya, cheka. Nilimpenda.

Kazi yenyewe ilikuwa dakika mbili na sekunde ishirini tu, mwanzo wa filamu ya kutisha roho, ulioshonwa kwa vipande tunavyoviita picha. Kila mwanafunzi alipewa alama kwa ufundi alioufanya kwa mikono yake: kamera, taa, sauti, uhariri. Lakini mwaka ule alama za kamera zilikuwa na uzito mwingine. Studio ya yule mgeni ingemchukua mmoja wetu, mmoja tu, miaka miwili ya mafunzo ya upigaji picha. Nami nilikuwa na ahadi na mama yangu, fundi cherehani. "Nimekuacha uende miaka miwili," aliniambia, "nimeendesha cherehani mbili kwa miguu miwili. Ukiipata hiyo nafasi, nenda. Ukiikosa, Jumatatu nakuona kwenye kigoda." Hakuwa mkatili. Magoti yalikuwa yamemwisha.

Basi Rula akabonyeza, filamu ikaanza.

Mwanamke, mwigizaji tuliyemwazima darasa jingine, anarudi nyumbani. Anaishi peke yake. Anafungua mlango kwa ufunguo, anaweka mkoba chini, anasikia kitu jikoni. Tunamfuata koridoni, mgongoni kwake, polepole, bila kukata, sekunde ishirini na mbili. Anafika jikoni. Birika linachemka. Nani ameliinjika? Kamera inampita begani, inashuka, inatua mezani. Vikombe viwili, vyote vimeshamiminwa. Na mlangoni kuna mtu, kasimama tu.

Mgeni wa studio akavuta pumzi, ikasikika.

"Ile ya koridoni," alisema taa zilipowashwa, "mlitumia stendi ya magurudumu?"

"Ilishikwa kwa mkono," akajibu Mwongozaji.

"Kwa mkono? Inateleza kama mafuta. Na ile fokasi, kutoka begani mpaka kwenye kikombe, haikupapasa hata kidogo. Nani alishika?"

Nikakaa sawa. Mama, nilijisemea, tafuta fundi mwingine wa kukaa kwenye kile kigoda.

Rula akafungua fomu ya kikundi chetu, akashusha miwani.

"Hapa imeandikwa. Mpiga picha mkuu," akasoma jina lake, majina yote matatu, taratibu kama anayegawa vyeti. "Picha zote, isipokuwa ya kumi na tano. Mwenzako huyu binti, msaidizi wa taa. Na picha ya kumi na tano."

Goti lake likaondoka gotini kwangu.

Nilimtazama. Alikuwa anatazama viatu vyake. Nikamtazama Muuaji, naye dari lilikuwa limemwita. Unaona? Ndiyo maana nilianza na wewe.

"Hongera, kijana," mgeni akamwambia, na akaandika kitu kwenye daftari. Nilisikia kalamu ikikwaruza. Ilikwaruza ndani yangu.

"Tusiwahishe hongera," Rula akasema. "Kuna kasoro, na ni kubwa. Rudisha picha ya kumi na tano. Simamisha. Mwanamke yuko kwenye birika, mtu kasimama mlangoni. Wakitazamana, tunachora mstari kati yao, mstari wa kichwani tu, na kamera inakaa upande mmoja wa mstari huo. Picha ya kumi na nne, mwanamke anatazama kulia. Ya kumi na tano, ghafla anatazama kushoto, na mwanamume naye anatazama kushoto. Wanamtazama nani, jirani? Hofu yote mliyoijenga inaanguka hapa. Hili ni kosa la mwezi wa kwanza darasani."

Na yeye, Bwana Mwongozaji wangu, akakohoa, akasema kwa sauti ya chini, "Hiyo siyo yangu, Mwalimu."

Neno hilo nimelibeba miaka kumi na minne. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Kwa maana picha ya kumi na tano ndiyo pekee aliyoipiga yeye. Mimi nilikuwa juu ya kiti, nimeshika blanketi dirishani, kwa kuwa tulipiga mchana na hadithi ilitaka usiku. Nilimwona akihama upande. Nikamwambia, "Umevuka mstari." Akasema, "Nani ataona, Nguzo? Nimeshachoka." Nikaacha. Kwa mpenzi unaacha mengi. Sasa sifa yangu ilikuwa mfukoni mwake na kosa lake kifuani mwangu, vyote kwa fomu moja.

Nikasimama.

"Mwalimu, nina neno."

"Muda wa maelezo ni baadaye."

"Baadaye nitakuwa nimeshapoa, Mwalimu. Nataka kulisema likiwa na moto."

Mgeni akageuka kunitazama kwa mara ya kwanza.

"Picha zote nimezipiga mimi," nikasema. "Koridoni, birika, vikombe, zote. Ya kumi na tano ndiyo ya kwake."

"Fomu ina sahihi tatu," Rula akasema. "Moja ni yako."

"Niliitia ikiwa tupu."

"Ulitia sahihi karatasi tupu?"

"Nilimwekea sahihi mtu, Mwalimu. Karatasi sikuitazama."

Ndivyo ilivyokuwa. Alhamisi iliyotangulia alikuja na fomu, macho yangu yamewaka kwa uhariri, akasema, "Tia hapo tu, nitajaza mimi, mwandiko wako unamkasirisha Rula." Nikacheka, nikatia. Mtu mwenye akili hatii sahihi karatasi tupu hata kwa mama yake. Mwenye mapenzi anatia na kalamu anarudisha.

"Kaa chini, Nguzo," Mwongozaji akaninong'oneza. "Tutazungumza nje. Nakuomba."

"Nimekaa chini miezi minane."

"Si hapa."

"Wewe umesema hapa. Na mimi nasema hapa." Nikamgeukia Rula. "Tuone picha ghafi, Mwalimu. Kila moja ina kofi."

Hapa nieleze, nawe usikimbie. Chuo kizima kilikuwa na kibao kimoja cha kugonga mwanzo wa picha, na kibao hicho daima kilikuwa kwa kikundi kingine. Sisi tulitumia mikono. Mmoja anasimama mbele ya lenzi, aliye nyuma ya kamera anataja namba, yule wa mbele anapiga kofi moja kubwa, ili baadaye sauti na picha zishonwe pamoja. Katika kikundi chetu mwenye kutaja namba nilikuwa mimi. Mpiga kofi alikuwa yeye. Kwa hiyo kila picha ghafi niliyoipiga ilianza na uso wake, mbele ya kamera. Na mtu hawezi kuwa mbele ya kamera na nyuma yake.

"Ni haki yake," mgeni akasema. "Fungueni."

Muuaji akaenda kwenye kompyuta. Kipanya kilimtoroka mara mbili. Folda ikafunguka ukutani, mafaili ishirini na manne.

Faili la kwanza likaanza. Mlango, ufunguo. Hakuna kofi, hakuna sauti yangu, hakuna uso.

La pili vilevile. La tatu. La nne.

"Makofi yako wapi?" Rula akauliza.

"Niliyakata, Mwalimu," Mwongozaji akasema. "Kupunguza ukubwa wa mafaili."

"Yote?"

Akanyamaza kidogo. Wakati ule niliuona ukimya ule kama wa mwizi. Baadaye nilijua ulikuwa wa kitu kingine.

"Karibu yote."

Yale makofi hayakuwa kitu cha thamani kwa mtu yeyote. Ni takataka ya mwanzo wa faili. Lakini sauti yangu ilikuwa mle, namba baada ya namba, siku tatu nzima, na mtu aliyeniambia sauti yangu ndiyo inayomwamsha asubuhi alikuwa ameketi na mkasi, akaikata, akaikata, akaikata.

"Fungua ya kumi na moja," mgeni akasema. "Hiyo ya koridoni. Nataka kuona mlianzaje."

Muuaji akabonyeza.

Ukuta ukajaa korido. Na katikati ya korido, Mwongozaji, jasho kwenye paji la uso, mikono ameinyanyua tayari kupiga. Kisha sauti yangu, karibu kabisa, kama mtu anayezungumza mdomoni mwa kamera.

"Picha ya kumi na moja, mara ya sita. Piga, Bwana Mwongozaji."

Hakupiga.

"Unangoja nini?"

"Nakutazama."

"Unatazama lenzi."

"Na wewe uko nyuma yake. Nguzo, mkono wako hautikisiki hata punje. Mimi nimesimama tu, sijashika kitu, natetemeka." Akacheka. Akawa anatazama moja kwa moja ndani ya kamera, ndani yangu, na sasa ndani ya kila mtu chumbani. "Siku ukiwa mpiga picha mkubwa, usije ukajifanya hunijui."

"Piga kofi, birika linakauka."

Mkono ukaenda nyuma ya shingo. Kisha kofi. Akaruka pembeni, na kamera, bila kutetema, ikaanza safari yake ya sekunde ishirini na mbili.

Projekta ikapumua. Nilijaribu kuchukia uso ule ukutani na nilishindwa, na kushindwa huko ndiko kulikonikasirisha kuliko wizi wenyewe.

Rula akavua miwani. "Mwenye uso huu," akauliza, "ndiye aliyekuwa ameshika kamera?"

"Hapana, Mwalimu," Mwongozaji akasema.

"Nani?"

"Yeye."

"Sikusikia."

"Yeye. Nguzo. Zote ni za kwake."

Ungedhani imeisha. Subiri. Haki haiji na miguu yake, inangoja kubebwa.

"Video ni ushahidi," Rula akasema, "lakini alama hazihami kwa ushahidi. Zinahama kwa fomu. Kanuni si zangu, zingekuwa zangu zingekuwa fupi. Fomu mpya, kila mmoja anaandika kwa mkono wake alichofanya, sahihi tatu. Saa kumi kamili mgeni wetu anaondoka na orodha. Sahihi moja ikikosekana, fomu ya mwanzo ndiyo inayosimama."

Akatupatia karatasi. Akaweka saa yake mezani, kioo juu.

Nje, koridoni, Muuaji aliandika kwanza, fomu ameigandamiza ukutani.

"Nilidhani mmekubaliana," akaniambia bila kunitazama. "Nilipoiona fomu. Nikasema ni mambo ya wapenzi, mimi ni nani."

"Uliniona nimebeba kamera saa tisa mfululizo mpaka kwapa limechubuka."

"Nilikuona."

"Basi ungekuwa mtu aliyeniona."

Akatia sahihi. "Nisamehe, dada," akasema, akaondoka haraka, muuaji wetu, macho yamelowa.

Nami nikaandika sehemu yangu na kutia sahihi yangu, safari hii nikisoma kila neno mara mbili. Zikabaki dakika thelathini na tano na sahihi moja.

Mama yake Mwongozaji alikuwa ameketi kwenye benchi mwisho wa korido. Amevaa nguo yake ya kutokea, na magotini amepakata mkoba wa ngozi ulioparara pembe. Niliujua ule mkoba. Ndani mlikuwa na kamera ya marehemu mumewe, fundi picha wa harusi ambaye mtaa mzima ulimjua. Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, mama yangu akishona magauni ya maharusi, nilikuwa nasimama nyuma ya fundi yule nione anafanyaje. Aliwahi kunigeukia akaniambia, "Shika taa, binti. Kamera haitaki mikono laini." Watu wakacheka. Nikashika taa. Usiku nikafungua redio mbovu ya nyumbani nione vitu vinavyokaa ndani ya vitu. Hivyo ndivyo nilivyoanza kujifunza ufundi.

"Imekuwaje?" mama akamuuliza mwanawe. Alikuwa ameshaanza kufungua vifungo vya mkoba.

Mwongozaji akaukodolea macho mkoba. Nikamwamkia mama, kwa kuwa mimi nililelewa, nikamwambia, "Mama, bado sahihi moja."

"Ya nini tena? Si nilikwambia, mwanangu?"

Kweli aliniambia, na hapa nikiri. Wiki moja kabla alinikuta peke yangu chumba cha uhariri, akakaa, akaupapasa mkono wangu. "Si mtaoana?" akasema. "Basi nafasi ikiingia kwake imeingia kwako. Mke hasukumani na mumewe mlangoni. Mpishe, utapita nyuma yake." Nami sikumjibu. Niliinama nikafunga kamba ya kiatu, na siku ile nilivaa ndala. Kwa hiyo nikikuita mtu wa kuinama, sikuiti kwa mbali.

Leo sikuinama. "Uliniambia, Mama. Nilinyamaza, na kunyamaza kwangu mkakuona ni ndiyo. Haikuwa ndiyo."

"Umemwaibisha mwanangu mbele ya wageni?"

"Filamu ndiyo imemwaibisha. Ina uso wake."

"Hiki kikamera chako kitakufaa nini ndani ya nyumba?" Akaukumbatia mkoba. "Wewe hujui. Miaka sita hii kamera iko kabatini. Kila Ijumaa naifuta vumbi. Nilimwahidi mwenzangu kitandani pake kwamba haitakosa mkono. Leo nimeileta nimkabidhi. Nimkabidhi nani? Wewe?"

"Usinikabidhi mimi. Lakini usimkabidhi na changu."

"Mama," Mwongozaji akasema, "tuache kidogo."

Akatuacha hatua tano, si zaidi, mkoba kifuani. Tukasimama dirishani. Jua lilikuwa kali, likimwangukia usoni, na jicho langu la kamera, lisilo na haya, likaona jinsi mwanga ulivyomkaa vizuri.

"Sauti zako nilifuta ishirini na mbili," akasema. "Ile moja nilijaribu mara tatu. Kidole kilikataa."

"Kwa hiyo nikushukuru."

"Sisemi hivyo."

"Unasema hivyo. Umenikata sauti mara ishirini na mbili, unataka nilie kwa furaha kwa sababu ya ya ishirini na tatu."

"Nguzo, nakupenda."

"Najua. Nimekuona ukutani, na mgeni wa studio amekuona, na Rula amekuona, naye hajawahi kuona mapenzi tangu azaliwe. Unanipenda. Na uliniibia. Hayo mawili yalikaa ndani yako pamoja, yakala sahani moja, hayakugombana. Hicho ndicho kinachonitisha."

Akafunga macho. "Nilitaka Mama aufungue ule mkoba mara moja tu. Aone kamera ya Baba imefika. Halafu ningekueleza."

"Lini? Nikiwa kwenye kigoda cha cherehani, napiga pindo?"

"Ningekubeba. Ningekuingiza studio baadaye, kidogo kidogo—"

"Mimi si mzigo wako." Nikasikia sauti yangu inapanda, nikaishusha, na iliposhuka ilikuwa mbaya zaidi. "Sikiliza. Mkono wako unatetemeka. Unatetemeka ukishika kikombe. Lakini ulimchukua mtu anayekimbia mijusi, ukamnong'oneza sikioni dakika mbili, akasimama mlangoni bila kufanya lolote, na mgeni wa studio akavuta pumzi. Hilo hakuna aliyekufundisha. Hilo ni lako. Ungesimama mle ndani ukasema 'mimi ndiye niliyemtisha,' ungesikika. Hukuona linatosha. Ukaja kuchukua la kwangu, la pekee nililo nalo."

Machozi yalimshuka, akayaacha yashuke. Nilitaka kuyafuta. Nakuambia ukweli, vidole viliniwasha. Nikavitia mfukoni.

"Nifanye nini?" akauliza.

Nikampa fomu.

Mama yake akaona karatasi, akazirudisha zile hatua tano kwa hatua mbili. "Ukiandika hiyo," akamwambia, "usije nyumbani ukaniambia habari ya baba yako."

Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi kasoro dakika nane. Akatazama mama yake. Akanitazama mimi. Safari hii hakukuwa na lenzi kati yetu, na nikaona jinsi mtu anavyoonekana anapokatwa vipande viwili na watu wawili anaowapenda. Nilimhurumia. Huruma haikunifanya nirudishe karatasi.

Akapiga goti moja sakafuni, akaweka fomu kwenye benchi, akaandika. Mkono ulimtetemeka mpaka herufi zikawa kama zimeandikwa ndani ya gari. Aliandika majina yangu matatu, yote, yeye ambaye hakuwahi kuniita ila Nguzo. Akaandika: *Picha zote za filamu hii amezipiga yeye, mimi nikiwa mbele ya kamera nikipiga kofi.* Akasita. Akaongeza mstari mmoja ambao sikumwomba: *Picha ya kumi na tano ni yangu. Mstari niliuvuka mimi, aliniambia, sikusikia.* Akatia sahihi.

Kisha akasimama akamsomea mama yake, neno kwa neno, kwa sauti.

Mama hakumpiga, hakumlaani. Alifunga vifungo vya mkoba kimoja kimoja, akaketi, akaupakata kama mtoto aliyelala. "Baba yako naye alikuwa anatetemeka," akasema mwishowe, bila kumtazama yeyote. "Miaka ya mwisho. Picha nilikuwa namshikia mimi. Hakuna aliyejua."

Nikasimama palepale. Watu wote wale, harusi zote zile, jina la fundi nyuma ya kila picha. Na yeye ameshika, amenyamaza, akifuta vumbi kila Ijumaa kwenye kamera ambayo mikono iliyoizoea ilikuwa yake mwenyewe.

"Na sisi?" Mwongozaji akaniuliza. "Mimi na wewe?"

"Hilo halina fomu," nikamjibu. "Hilo utangoja, na huenda ukangoja bure."

Nikakimbia. Niliweka karatasi mbele ya Rula saa kumi kasoro dakika tatu. Aliisoma yote, akaipima, akatia muhuri. Mgeni akakata jina moja kwenye daftari lake na kuandika jingine, na safari hii kalamu haikukwaruza popote.

Sasa wewe. Usipumue kwa raha, usiniulize kama tulioana. Kuna mtu aliyeshika kamera na jina likaandikwa la mwingine, nawe ulikuwepo. Labda alipika na sifa ikaenda mezani, labda aliandika, labda alimshikia mumewe picha miaka mingi akiogopa kusema. Jina lake limekujia sasa hivi, ulipokuwa unasoma mstari huu, usinidanganye. Weka kitabu chini. Mpigie, umwambie: nilikuona, ni wewe uliyefanya. Akishasikia, nenda kawaambie wale mliokuwa nao chumbani, kwa majina yake yote matatu. Kamba za viatu vyako zimefungwa vizuri. Simama.